Maktaba iko hapa, skana iko ng'ambo ya barabara

Mwaka juzi nilimsindikiza binti wa dada yangu kushughulikia fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Aliyewahi kuipitia fomu ile anaijua safari yake: unaijaza mtandaoni, unaichapisha, unaweka saini, mdhamini naye anaweka yake, unakwenda serikali ya mtaa kugongewa muhuri, unakwenda kwa wakili au hakimu kula kiapo, halafu kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo uleule zilikotoka. Muhuri wa mwisho ulipogongwa ilikuwa saa sita mchana, na maktaba ya umma ilikuwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Ina kompyuta, ina umeme, ina viti. Tukaingia.

Dada wa mapokezi alitupokea kwa adabu. "Shikamoo baba, karibuni." Nikamweleza shida yetu. Akazitazama karatasi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapa ni kusoma tu, baba. Kuprinti na kuskani mvuke barabara, mtaona steshenari mbili zimefuatana."

Tukavuka. Kijana mmoja, kompyuta moja, mashine moja ya kopi yenye kifuniko kilichofungwa kwa gundi ya karatasi, na watu tisa mbele yetu. Kijana alikuwa na kasi ya ajabu. Alipokea karatasi kwa mkono huu, akarudisha chenji kwa mkono ule, jicho kwenye skrini. Zamu yetu ilipofika akaskani fomu, vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa, akauliza namba ya binti, akamrushia faili zote WhatsApp. Nilikuwa nimeegemea kaunta, nikaiona ile skrini. Ilikuwa imejaa pomoni: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya Taifa, hati za viwanja, barua ya hospitali, vyote vimelala wazi kimoja juu ya kingine, kila kimoja na jina lilelile la namba ambalo mashine hujipangia yenyewe.

Nyumbani binti akafungua simu apandishe nyaraka. Fomu ilikuwa sawa. Vyeti vya shule sawa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa cha mtoto mwingine kabisa, na jina la baba, la mama, na hospitali aliyozaliwa. "Mjomba, huyu ni nani?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Tulirudi, tukalipa upya, tukapata cha kwetu. Kile cha mtoto yule tulikifuta kwenye simu. Kwenye ile kompyuta naamini kipo mpaka leo, na cha binti yetu kiko pembeni yake.

Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria jibu la yule dada wa mapokezi, kwamba hapa ni kusoma tu. Hakukosea yeye, ndivyo alivyofundishwa kazi. Wenye makosa ni sisi tuliokubali kwamba kuchapisha, kutoa kopi na kuskani ni biashara ya pembeni, ya kumwachia yeyote mwenye mashine, wakati ni huduma ya maktaba kama ilivyo kuazimisha kitabu.

Tuangalie kilichobadilika. Zamani mwombaji wa kazi au chuo alitia nakala za vyeti kwenye bahasha, akabandika stempu, akaenda posta. Leo anayeomba kazi serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, anayeomba mkopo hupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo, na anayeomba chuo hupitia mfumo wa chuo. Kila mmoja unataka PDF, yenye ukubwa uliowekewa ukomo, inayosomeka, isiyo na kivuli cha kidole. Ofisi za serikali zimepunguza makabati ya mafaili, na hilo ni jema. Lakini karatasi haikufa. Imehamishwa kutoka kwenye kabati la ofisi kwenda kwenye mfuko wa mwananchi, na kazi ya kuigeuza faili imekuwa yake, kwa gharama yake, kwa mashine asiyokuwa nayo.

Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Miaka ile mwananchi alichokosa ni kitabu, kwa hiyo maktaba ikampelekea kitabu. Mwananchi wa leo ana simu mkononi na bado anakosa vitu vitatu: kioo bapa cha kulazia cheti, mtu anayejua faili inavyotakiwa kuwa, na mahali ambapo nyaraka zake hazitabaki nyuma yake. Jengo la kuvitoa vitu hivyo tunalo tayari, lina ulinzi, lina feni, na liko katikati ya mji.

Sina ugomvi na wenye steshenari. Bila wao nchi hii isingeomba kazi wala mkopo. Wanafungua alfajiri na kufunga usiku, wanakopesha wanafunzi, wanajaza fomu za wazee wasioona vizuri. Kwa jirani zetu Kenya kazi hiyo hufanywa na saiba, yaani vibanda vya intaneti, na hadithi ni ileile: mhudumu anakufungulia barua pepe, anakuchagulia nywila, na mara nyingi nywila hiyo anaikumbuka yeye kuliko wewe. Kijana wa steshenari hafanyi haya kwa ubaya. Ana watu tisa kwenye foleni na kompyuta moja. Kufuta faili za kila mteja ni dakika anayoipoteza, na hakuna anayemlipa kwa dakika hiyo.

Hapo ndipo taasisi ya umma inatakiwa kuingia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni sheria nzuri, lakini tunapoizungumza tunawaza benki, kampuni za simu na hospitali. Sijasikia mtu akiizungumzia kaunta ya kopi, mahali ambapo nyaraka nyeti za Mtanzania wa kawaida hupita kuliko popote pengine. Maktaba inaweza kuweka kompyuta inayojisafisha kila mtumiaji anapotoka, na skana inayotuma faili moja kwa moja kwenye flashi au barua pepe ya mwenyewe bila kuacha nakala. Programu za kufanya hivyo zipo za bure, na fundi yeyote wa chuo anaweza kuzifunga kwa siku moja.

Kuna na suala la ujuzi, ambalo watu hulidharau. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kila nukta inachukua baiti tatu, kwa hiyo kabla ya kukandamizwa ukurasa ule ni kama megabaiti 26. Pandisha hadi nukta 600 na hesabu inajizidisha mara nne, zaidi ya megabaiti 100. Kukandamiza kunashusha sana, lakini uwiano unabaki palepale. Sasa mashine imeachwa kwenye 600 na rangi, tangu mteja wa asubuhi aliyekuwa na picha ya harusi. Mteja wa mchana anaskani vyeti vitano, mfumo unakataa kwamba faili ni kubwa, anarudi, analipa tena. Au kijana analibana faili mpaka muhuri unakuwa doa la bluu, na safari hii anayekataa ni mhakiki.

Fomu yenye maandishi meusi matupu inatosha kuskaniwa nyeusi na nyeupe kwa nukta 300, ikawa nyepesi kama karatasi yenyewe. Cheti chenye muhuri wa rangi kiende kwa rangi, nukta 200 hadi 300, kisitoke hapo. Mkutubi akifundishwa haya kwa nusu saa atakuwa ameokoa fedha za watu wengi, na bango la kurasa moja ukutani linaweza kumsaidia hata asiyetaka kuuliza. Mwenye simu nzuri naye asidharauliwe. Kishikio cha simu juu ya meza, taa mbili pembeni, karatasi chini, na simu hiyohiyo inatoa faili safi. Kifaa hicho fundi seremala anakitengeneza.

Nikija kwenye vyuo, wengi wataniambia huduma ipo. Ipo, ndiyo, na mara nyingi imekodishwa. Mzabuni anapewa chumba kwenye korido, analeta mashine zake, anapanga bei zake. Nimewauliza wakutubi ninaofahamiana nao kwa nini maktaba yenyewe isifanye, nikapata jibu ambalo sikulitarajia: fedha ndogondogo. Taasisi ya umma inatakiwa kupokea malipo kwa mfumo wa serikali, kwa kontroli namba, yaani namba maalumu inayotolewa kwa kila malipo. Ni utaratibu mzuri wa kuziba mianya ya wizi, na siutaki uondoke. Lakini nani atatoa kontroli namba kwa ukurasa wa shilingi 100? Mwanafunzi asubiri ujumbe, alipe kwa simu, akatwe na makato, arudi na risiti, ndipo achapishiwe ukurasa mmoja. Mkutubi mwenye akili anaamua kumpisha mzabuni ili alale usingizi.

Dawa yake si ngumu. Mwanafunzi alipe mara moja, tuseme shilingi 5,000 mwanzoni mwa muhula kwa namba moja ya malipo, fedha ziingie kwenye akaunti yake ya maktaba kwa kadi ileile ya uanafunzi, na kila ukurasa upungue humo. Vyuo vikuu vingi duniani vinakwenda hivyo, na mfumo wa kuhesabu kurasa hauhitaji mtambo wa gharama. Kwa maktaba ya umma, kadi ya uanachama inaweza kubeba hesabu hiyohiyo.

Na wanafunzi nao wasikilize hesabu ya wino, maana bei inapopanda wao ndio wa kwanza kulalamika. Kampuni inaposema katriji ya tona inatoa kurasa 2,000, kipimo chake ni ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu ya eneo, yaani kama barua fupi. Tona ni unga laini wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukagandia karatasi. Slaidi za mhadhara zenye mandhari meusi na maandishi meupe, ambazo wahadhiri wetu wanazipenda kweli, zinaweza kufunika nusu ya ukurasa na zaidi. Slaidi moja ya namna hiyo inakula unga wa barua kumi. Nimemwona mwanafunzi akichapisha slaidi 60 za hivyo, moja kwa kila karatasi, kurasa zinatoka zimejikunja kwa joto na unyevu, na za mwisho zina mistari myeupe kwa sababu katriji imekwisha. Aliyefuata nyuma yake alikuwa na tasnifu ya kukabidhi saa kumi jioni. Mhadhiri angebadili mandhari yakawa meupe, mwanafunzi akaweka slaidi sita kwa ukurasa, pande mbili, na zote 60 zingetosha kwenye karatasi tano.

Sasa hakimiliki, ambayo hutajwa kila mara kama sababu ya maktaba kuogopa mashine ya kopi. Hofu ina msingi. Nimeona vitabu vizima vya waandishi wetu vikitolewa kopi, vikabanwa kwa spairo na kuuzwa langoni mwa chuo, na mwandishi asipate hata senti. Huo ni wizi, na unawaua wachapishaji wa Kiswahili ambao tayari soko lao ni jembamba. Lakini kati ya kitabu kizima na sura moja pana nafasi, na sheria inaijua nafasi hiyo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania ni mwanachama tangu 1994 na Kenya tangu 1993, unaruhusu nchi kuweka hali maalumu za kunakili, ilimradi kunakili huko kusigongane na matumizi ya kawaida ya kazi iliyotungwa wala kusimdhuru mwandishi bila sababu ya haki.

Kesi ninayowapa wakutubi kila tunapobishana ni ya India. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, walikishtaki Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na duka dogo la kopi lililokuwa ndani ya eneo la chuo, Rameshwari. Duka lile liliandaa mafungu ya kurasa kutoka vitabu mbalimbali kwa kufuata orodha za wahadhiri, likawauzia wanafunzi kwa bei ya kopi. Tarehe 16 Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliwakatalia wachapishaji. Jaji aliona kwamba mwanafunzi akiruhusiwa kukaa maktaba na kunakili kurasa kwa mkono, kitendo hakigeuki kosa kwa sababu sasa kinafanywa na mashine. Mwaka uliofuata wachapishaji waliondoa kesi yao. Sheria ya India ina kifungu chake kuhusu kunakili kwa ajili ya kufundisha, kwa hiyo hukumu ile haiwezi kuhamishwa hivihivi kuja kwetu. Ninachokipenda ni kwamba jaji alianzia kwa msomaji aliyeketi na kalamu, kisha ndipo akaitazama mashine.

Ukweli ni kwamba mashine ya kopi yenyewe ilizaliwa na msomaji wa maktaba. Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ya kampuni moja New York, akachoka na shida ya kupata nakala za nyaraka. Jioni alikwenda Maktaba ya Umma ya New York kusoma jinsi mwanga unavyobadili tabia ya umeme katika baadhi ya vitu. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, alipata nakala yake ya kwanza: tarehe ya siku ile na jina la mtaa. Mashine ya kuuzwa ofisini, Xerox 914, ilikuja miaka 21 baadaye. Aliyoyasoma jioni zile yalitolewa na maktaba bure.

Mimi nasema maktaba ikiisukuma mashine nje kwa hofu ya hakimiliki, inaongeza wizi. Kijana wa steshenari hana muda wala wajibu wa kumuuliza mteja kama anataka sura moja au kitabu kizima. Mkutubi anao. Anaweza kusema sura hii sawa, kitabu kizima hapana, na hiki kinauzwa duka lile. Mpaka unalindwa na mtu aliyesimama mpakani.

Tena kuna vitabu ambavyo havivuki barabara. Anayefanya utafiti kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anajua kwamba magazeti na ripoti za zamani ni vya kusomea hapohapo, na inastahili iwe hivyo. Kitabu cha miaka 70 ukikibamiza kifudifudi kwenye kioo cha mashine ya kopi, uti wake unalia. Nimeusikia mlio huo, kama kijiti kikavu kinavyovunjika, na ukurasa ukabaki mkononi mwa mhudumu. Skana inayotazama kutoka juu, kitabu kikiwa kimefunguka nusu juu ya mito miwili, haimuumizi mgonjwa. Hata simu ya msomaji ni bora kuliko kile kioo. British Library ya London iliruhusu wasomaji kupiga picha kwa simu zao katika vyumba vya kusomea tangu Januari 2015, kwa masharti. Bado nakutana na maktaba huku kwetu zinazokataza simu kabisa na wakati huohuo hazina skana, kwa hiyo mtafiti aliyetoka Kigoma anakaa wiki nzima ananakili majedwali kwa kalamu.

Sijamsahau msomaji asiyeona. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya na Tanzania zote zimeingia, unaruhusu kazi zenye hakimiliki zitengenezewe nakala anazoweza kuzitumia mtu asiyeona, bila kuomba ruhusa ya kila mwenye haki. Haki hiyo kivitendo inaanzia kwenye skana. Ukurasa unaskaniwa, programu inatambua herufi, simu inausoma kwa sauti. Tesseract, programu ya bure, inatambua Kiswahili, nami huitumia kwa makala za zamani. Kwa chapa safi makosa ni machache, kwa gazeti lililofifia ni mengi na lazima mtu apitie. Mwanafunzi asiyeona akiomba sura ya kitabu Jumatatu, maktaba yenye skana na mtu mmoja aliyefunzwa inaweza kumpa Jumanne. Bila hivyo anategemea rafiki wa kumsomea, na rafiki naye ana mtihani wake.

Tumeonyesha kwamba fedha zikipatikana tunaweza kujenga. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, inaweza kukalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ninachokiombea maktaba za mikoa na wilaya ni kidogo mno mbele ya hilo: skana moja bapa, printa moja ya kuchapisha pande mbili, kompyuta moja isiyohifadhi kitu cha mtu, na mkutubi mmoja ambaye kazi hii imeandikwa kwenye majukumu yake ili asionekane anafanya hisani. Kuskani kuwe bure, kwa sababu hakuli wino wala karatasi. Kuchapisha kulipiwe kwa bei ya karatasi na tona, basi.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye ile maktaba ya siku ya fomu. Dada wa mapokezi alikuwa yuleyule. Kushoto kwa mlango kuna meza ya mbao yenye soketi mbili ukutani, na juu yake pana sanduku la maoni peke yake. Nikapima meza kwa shubiri zangu: skana ya A4 inaenea, na nafasi ya kulaza karatasi inabaki. Nikaandika hivyo kwenye kikaratasi, pamoja na namba yangu ya simu, nikakitumbukiza sandukuni.